Ngozi Mpya Juu ya Ufa

Wazee walisema: Kipya kinyemi, ingawa kidonda. Maana yake, kitu kipya hupendeza macho hata kama ndani yake mna madhara. Methali hii huniingia moyoni karibu kila juma, kwa sababu kazi yangu ni kuvisha vitu vikuukuu ngozi mpya. Natengeneza mipini ya mbao za tanga. Pengine wengi wenu hamjakiona chombo hicho kwa macho, basi yafaa nianze kwa kukieleza.

Ubao wa tanga ni chombo chepesi cha mchezo, baharini au ziwani. Mtu husimama juu ya ubao, na mbele yake pamesimama mlingoti mmoja wenye tanga moja. Mlingoti huo haukufungwa kwa kamba kama mlingoti wa jahazi. Umeungwa na ubao kwa kiungo laini kinachouruhusu kulala upande wowote. Je, ni kitu gani basi kinachouzuia usianguke? Ni mtu mwenyewe. Yeye ameshika mpini na kuuvuta kwake, na upepo unalisukuma tanga upande wa pili. Nguvu hizo mbili zikilingana, chombo huenda mbio. Usukani hakuna. Akiliinamisha tanga mbele, chombo hukimbia upepo. Akilirudisha nyuma, chombo huuelekea.

Mpini wenyewe una mikono miwili iliyopinda kama upinde, mmoja upande huu wa tanga na mmoja upande ule. Mikono hiyo hukutana mbele kwenye mlingoti, mahali tunapopaita kichwa, tena hukutana nyuma kwenye ncha ya tanga, mahali tunapopaita mkia. Mkia huingia na kutoka ndani ya mikono, ili mpini urefuke au ufupike kwa kufuata ukubwa wa tanga. Mtu akibadili upande, hubadili mkono anaoushika. Kwa hiyo nguvu yote ya upepo, kabla haijafika kwenye miguu na ubao, hupita katika mabomba hayo mawili membamba.

Historia ya mchezo huu ni historia ya mpini. Mwaka wa 1958, katika kisiwa cha Hayling, kusini ya Uingereza, mvulana wa miaka 12 aitwaye Peter Chilvers alijitengenezea ubao wenye tanga. Mwaka wa 1965 Mmarekani Newman Darby aliandika katika gazeti la Popular Science habari za ubao wake wa tanga. Kisha Hoyle Schweitzer na Jim Drake, watu wa California, wakatengeneza chombo chenye mikono miwili iliyopinda, na mwaka wa 1970 wakapewa hati ya serikali ya Marekani ya kulinda uvumbuzi wao. Mipini yao ya kwanza ilikuwa ya mbao za msaji zilizogandishwa tabaka juu ya tabaka.

Baadaye, katika miaka ya 1980, ilitokea kesi kubwa Uingereza. Wenye hati walidai kwamba wengine wamewaibia uvumbuzi. Wapinzani wao wakamtaja Chilvers na chombo chake cha utotoni. Mikono ya mpini wake ilikuwa imenyoka, si kama ile ya California. Lakini ilikuwa myembamba, na upepo ulipojaa tangani ilipinda yenyewe. Mahakama ikaona kwamba jambo lile halikuwa jipya, na hati ikapoteza nguvu katika nchi ile. Tazameni jinsi kupinda kwa mti mwembamba mkononi mwa mtoto kulivyoamua shauri la watu wazima! Mwaka wa 1984 mchezo huu uliingia katika Michezo ya Olimpiki ya Los Angeles kwa wanaume, na mwaka wa 1992 wanawake nao wakapata mashindano yao huko Barcelona.

Mimi ni mtoto wa Kalemie, kando ya Ziwa Tanganyika, na kazi ya mikono ndiyo iliyonileta pwani ya Kenya, katika ufuko wa Diani, kusini ya Mombasa. Hapa upepo una majira yake. Kaskazi huvuma tangu mwezi wa Desemba hata Machi, ukitoka kaskazini-mashariki. Kusi huja baadaye na kushika nguvu katikati ya mwaka, ukitoka upande wa kusini. Mbele ya ufuko kuna mwamba wa matumbawe unaovunja mawimbi makubwa, na kati ya mwamba na mchanga maji ni matulivu kwa wanafunzi. Lakini mwamba una milango yake. Maji yanapokupwa hutoka kwa nguvu katika milango hiyo kuelekea bahari kuu. Naomba msomaji aikumbuke milango hiyo, maana ndiyo inayoipa kazi yangu uzito.

Siku hizi mabomba ya mipini si ya mti. Mengi ni ya alumini, na yale ya bei kubwa ni ya nyuzi za kaboni zilizogandishwa kwa gundi ya epoksi. Juu ya bomba hubandikwa sponji ya mpira ili mkono usiteleze na kiganja kisichubuke. Sisi mafundi tunaiita ngozi, ingawa haikutoka kwa mnyama. Jua huikausha, chumvi huikwaruza, na kucha na mchanga huila. Baada ya muda hupasuka vipande vipande, na mwenye mpini hunyanyuka maji na malengelenge mikononi. Hapo ndipo anapokuja kwangu.

Kazi ya kuvisha ngozi huanza na kuvua. Naulaza mpini juani wakati wa adhuhuri mpaka gundi ya zamani ilainike. Kisha napasua ngozi kwa kisu kwa urefu, nikilaza makali yasichimbe bomba, na kuivuta polepole. Gundi inayobaki naipangusa kwa kitambaa chenye asetoni. Hapa sharti pawe na hewa, tena pasiwe na moto karibu. Kichwa cha mpini nakifunika kwanza, kwa maana asetoni huyeyusha plastiki za namna nyingine. Bomba la alumini nalisugua kidogo kwa msasa laini. La kaboni naligusa tu, kwa kuwa msasa mkali hukata nyuzi zinazolishikilia.

Kisha huja hesabu, nayo ni hesabu ya darasani. Wanafunzi, chukueni kalamu. Bomba lenye kipenyo cha milimita 28 lina mzingo wa milimita 88 hivi, yaani 28 mara 3.14. Ngozi yenye unene wa milimita 2 ikilizunguka, kipenyo cha nje huwa 32, na mzingo wa nje hukaribia 100. Nikikata ngozi ya milimita 88, kingo zake hukutana ndani na kuacha mwanya kwa nje. Nikikata ya 100, mshono huvimba na kuumiza kiganja. Kwa hiyo nakata katikati, karibu na 94, kisha naibana ikae. Kila mara najaribu kwanza kwa kipande cha karatasi, maana karatasi ni rahisi kuliko ngozi.

Napaka gundi ya fundi viatu pande zote mbili, kwenye bomba na kwenye ngozi. Nangoja mpaka nikigusa kwa mgongo wa kidole isinate. Mwenye haraka hubandika gundi ikiwa mbichi, na baada ya siku chache ngozi huzunguka mkononi kama soksi pana. Gundi ikiwa tayari, nabandika kutoka upande mmoja hata mwingine, bila kurudia, kwa kuwa gundi hii ikikutana haiachani. Mshono nauweka chini ya bomba, mahali ambapo vidole havivuti kwa nguvu. Kisha mpini hupumzika mpaka kesho yake. Ukitoka hapo, waonekana kama umetoka dukani leo.

Basi, wapenzi, hapo ndipo hatari ilipo. Kati ya kuvua ngozi ya zamani na kuvisha mpya kuna saa moja ambapo bomba liko uchi. Katika saa hiyo fundi peke yake huona ambacho mwenye mpini hajakiona kwa miaka. Alumini ina tabia yake: kila inapopindwa na kuachiwa, huchoka kidogo, na uchovu huo hauishi kwa kupumzika kama uchovu wa mwanadamu. Hujikusanya. Maji ya chumvi nayo huchimba vishimo vyenye unga mweupe. Mwishoni huzaliwa ufa mwembamba kuliko unywele. Nyufa hupenda mahali patatu: pale mkono unapoingia kichwani, kwenye matundu ya kufungia mkia, na pale zinapofungwa kamba za kulabu, ambazo mchezaji huninginiza uzito wake kwa mshipi wa kiunoni. Mahali hapa pa mwisho pamo katikati ya ngozi kabisa.

Nyufa za namna hiyo jicho halizioni vizuri, lakini mafuta ya taa na chaki huzionyesha. Napaka mafuta ya taa juu ya bomba, nangoja yaingie, kisha napangusa mpaka pakauke. Halafu nasugua unga wa chaki. Kama pana ufa, mafuta yaliyojificha ndani hutoka taratibu na kuchora mstari mweusi juu ya weupe. Bomba la kaboni nalipima kwa sikio: naligonga kwa sarafu toka mwanzo hata mwisho. Palipo pazima hulia kwa sauti kali, na palipoachana tabaka zake hulia kwa sauti iliyokufa.

Nitawasimulia jambo moja lililotukia karakanani. Bwana mmoja mwenye mbao za kukodisha kwa wageni aliniletea mipini mitano kabla ya majira ya kusi. Alitaka ngozi mpya kwa yote, tena rangi moja. Kwangu mimi mipini mitano ni chakula cha majuma mawili. Minne ilikuwa mizima. Wa tano, pale penye kamba za kulabu, chaki ilichora mstari uliozunguka karibu nusu ya bomba. Nikamwita aje atazame. Akatazama, akanyamaza kidogo, halafu akasema: “Fundi, nimekuagiza ngozi, sikukuagiza uchunguzi.”

Msimfikirie vibaya upesi. Mpini mpya huja kwa meli au kwa ndege kutoka mbali, na bei yake, pamoja na ushuru, ni mzigo. Wa kaboni huweza kuwa mara mbili au tatu ya bei ya alumini. Wageni walikuwa wachache mwaka ule, na vijana wake walikuwa wakingoja mishahara. Aliniambia kwamba wageni wake hawaendi mbali, nami nikamwambia kwamba maji yanayokupwa hayamwulizi mtu anakwenda wapi. Mpini ukikatika, tanga halishikiki tena. Mtu hana kasia wala injini. Hulala kifudifudi juu ya ubao na kupiga maji kwa mikono, na mlango wa mwamba uko wazi mbele yake.

Nikamweleza kwamba naweza kuunga bomba hilo, lakini sitaficha kiungo. Hakukubali. Akachukua mipini yote mitano, na mingine mizima pamoja na ule mgonjwa, akaenda kwa fundi mwingine.

Kijana ninayemfundisha kazi alikuwa amesimama karibu. Alipoondoka yule bwana, akaniuliza kwa adabu: “Fundi, je, kazi yetu si ngozi tu? Ufa si wetu.” Swali lake halikuwa la kipumbavu. Ni kweli, ufa sikuufanya mimi. Lakini kabla sijabandika ngozi, ufa unaonekana, nikishabandika, hauonekani. Anayeondoa uwezekano wa kuona ameutia mkono wake katika jambo lile. Mshonaji akishona nguo juu ya kidonda, hawezi kusema yeye ni mshonaji tu.

Baada ya siku chache niliiona mipini mitano ufukoni, yote imevaa ngozi ya buluu, mizuri sana. Je, ningenyamaza? Nilikwisha kukataa kazi, mikono yangu ilikuwa safi. Lakini mikono safi haimsaidii mtu aliye majini. Nilikwenda kwa kijana anayewapa wageni mbao, nikamwonyesha ule uliokuwa na alama kichwani, nikamwambia: “Ndugu yangu, huu una ufa chini ya ngozi, hapa hasa.” Akaukanda kwa dole gumba, akauinamisha juu ya goti, akausikia ukilia. Akauweka kando. Bwana wake alikasirika nami, na tangu siku ile hajaniletea kazi. Hasara hiyo ni ya kweli, na nyumbani kwangu ilihesabiwa.

Sasa niwaeleze namna ya kuunga, msije mkadhani kwamba kila ufa ni kifo. Usipoziba ufa utajenga ukuta, lakini kuziba kuna njia ya haki na njia ya udanganyifu. Watu wengi hufikiri kwamba alumini ichomelewe tu kwa moto. Mabomba haya yalitiwa ugumu kiwandani kwa joto lililopimwa. Moto wa kuchomelea huilainisha alumini iliyo kando ya mshono, na bomba hukatika baadaye kando ya kazi ile nzuri. Mimi nakata sehemu mbovu kwa msumeno wa chuma, nalainisha kingo kwa tupa, kisha naingiza ndani kipande cha bomba la alumini kinachokaza barabara, si pungufu ya sentimita 10 kila upande. Nakipaka epoksi, halafu nakifunga kwa ribiti.

Ribiti zenyewe ziwe za alumini. Chuma kikikutana na alumini katika maji ya chumvi, alumini huliwa. Kaboni nayo huila alumini vivyo hivyo, kwa hiyo vitu hivyo viwili visigusane bila epoksi katikati. Tena ribiti naziweka juu na chini ya bomba, kamwe si ubavuni. Sababu ni hii: mchezaji huvuta mpini kuelekea kwake, na mkono hupinda kwa ubavu. Ubavu ndio unaovutwa na kubanwa, na tundu lililotobolewa hapo ni mwanzo wa ufa mpya. Juu na chini hapapati taabu hiyo.

Bomba lililoungwa lina sheria katika karakana yangu. Mahali pa kiungo sipavishi ngozi. Naacha kama upana wa kiganja, alumini tupu, na kuzungushia rangi nyekundu. Wateja wengine hunung'unika kwamba haipendezi. Nawajibu kwamba haikuwekwa ipendeze. Mchezaji akiiona, hujua kwamba mpini huu ni wa upepo mdogo na wa maji ya ndani ya mwamba, na kila jioni huweza kupatazama pale pale. Na bomba lenye nyufa kichwani siliungi hata kidogo, kwa sababu hapo hapana nafasi ya kipande cha ndani kushika. Nalikata. Vipande vyake huwa miguu ya vigoda, na kimoja ni mpini wa jembe la jirani yangu.

Mwenye mpini naye ana wajibu, nao si mgumu. Kila akitoka majini aumwagie maji matamu. Autoe mkia nje, auoshe mchanga, asiuache umefungwa kwa miezi, maana chumvi huugandisha ndani hata hautoki tena. Auweke kivulini. Afanyaye hivyo huchelewesha siku ya kuja kwangu, nami sioni uchungu.

Yule kijana sasa ndiye anayesugua chaki. Juma lililopita aliniletea mpini tuliokwisha kuumaliza kukagua, akaniambia: “Fundi, naomba tupatazame tena hapa penye tundu la mkia, kabla sijabandika.” Tukapatazama pamoja. Palikuwa pazima, ulikuwa mkwaruzo tu. Tulipoteza nusu saa, naye akaanza kuomba radhi. Nikamzuia.

Ninyi wanafunzi mnaosoma gazeti hili, pengine hamtashika kamwe mpini wa ubao wa tanga. Lakini mtapaka rangi ukuta, mtaunga mtumbwi, mtauza baiskeli iliyovunjika fremu. Kila kazi ina saa yake ambapo kitu kiko uchi mbele ya fundi peke yake. Na ninyi wazazi, mnaponunua kitu kilichokwisha kutumika, msiridhike na rangi mpya. Mwambieni mwuzaji kwa upole: “Nionyeshe mahali palipotengenezwa.” Fundi wa kweli hatakasirika. Atapaelekeza kwa kidole, kwa maana alipaacha wazi makusudi.